Maranda ya Ndoo Moja

Waliohudhuria kikao cha asubuhi, katika chumba kidogo kando ya vizimba, walikuwa watatu: Profesa, mkuu wa maabara; mtakwimu wake, ambaye kila mtu alimwita Desimali; na binti aliyekuwa akikamilisha shahada ya uzamivu kwa kuchunguza panya wenye uvimbe wa utumbo.

Binti alitarajia kwamba panya wagonjwa walionyweshwa bakteria wema wangepona, na wale waliopewa maji matupu wangeendelea kuharisha. Tasnifu yake yote ilisimama juu ya tofauti hiyo.

"Tofauti haipo," alisema Desimali, akigeuza kompyuta ili wote waione. "Wamepona wote, na bakteria wa matumboni mwao wanafanana kama mapacha."

"Hata wa maji?" aliuliza binti.

"Hao ndio wamenona kunishinda mimi!"

Profesa alicheka hadi alipouona uso wa binti. "Usivunjike moyo, mwanangu. Hebu tueleze, vizimba unavisafishaje?"

"Maranda wanayolalia nayamwaga kwenye ndoo, Profesa. Naosha, naweka mapya. Halafu narudisha kiganja kimoja cha yale ya zamani, wasije wakashtushwa na harufu ngeni."

"Vyema. Na kila kizimba kina ndoo yake?"

"Ndoo ni..." Binti alijishika kichwa. "Mungu wangu! Ndoo ni moja!"

"Sasa ndoo imekosa nini?" aliuliza Desimali, huku akitafuna karanga.

"Maranda yana mavi, kaka. Na panya hula mavi."

"Wanakula?"

"Kama wewe na hizo karanga! Wa maji wamekula mavi ya wenzao, wakapata bakteria wale wale. Dawa nimewagawia kwa mkono wangu mwenyewe!"

Desimali aliusukuma mbali mfuko wa karanga. Profesa alicheka hadi akavua miwani.

"Lakini ukirudia jaribio," alisema alipotulia, "mahafali ya mwaka huu yatakupita. Na mama yako, nasikia, ameshashona nguo."

Binti alitazama vizimba kupitia kioo. Panya mmoja wa maji alikuwa akichimbua maranda kwa bidii, mkia juu. Binti alijikuta akitabasamu, akasimama.

"Basi nisikilizeni. Naanza upya, na kila kizimba kitakuwa na ndoo yake. Tena naongeza kundi la wagonjwa watakaopewa maji na maranda ya waliopona, safari hii kwa makusudi. Mama nitamweleza mwenyewe."