Chicha ya Saturnina Iliyogeuka Buluu

Jumanne ni vipindi sita mfululizo, na mimi nafundisha sayansi hapa Huanta, milimani Peru, mwaka wa ishirini na sita sasa. Kengele ya mapumziko ilipolia nilitaka kitu kimoja tu: kukaa. Sijavua hata viatu, nikasikia kelele langoni.

Pale langoni Saturnina Huamaní huuza chicha, kinywaji cha mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi na mdalasini. Siku hiyo chicha kwenye ndoo yake ilikuwa buluu inayoelekea kijani. Gaudencia, muuza mkate wa jirani, alikuwa amesimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Msinywe, wanangu! Mmeona wapi chicha ya rangi ya nzi wa chooni? Huyu katia sumu!"

"Sumu ni huo ulimi wako!" Saturnina akamjibu.

Rosmery wa kidato cha pili akanivuta mkono. "Mwalimu, si ndiyo ile rangi ya kwenye jedwali la asidi na besi?"

Nilishangaa. Maabara yetu ni kabati tupu. Jedwali hilo nilikuwa nimewafundisha kwa chaki tu, wao wakinakili huku wanapiga miayo, nami napiga pamoja nao.

"Saturnina, dada yangu," nikamwuliza, "sufuria uliyochemshia hii, jana ulipikia nini?"

"Mahindi ya harusi ya mpwa wangu. Niliyachemsha na chokaa ili maganda yatoke."

"Ukaiosha?"

Akainamisha kichwa. "Niliisuuza tu, mwalimu. Nilikuwa hoi."

Sikuwa na la kumlaumu. Nilichota kikombe, nikakamulia ndimu. Ile buluu ikafifia, ikawa zambarau, kisha nyekundu kama damu ya mzee. Watoto wakapiga ukelele.

"Chokaa ni besi," nikawaambia. "Maji ya mahindi haya yakikutana na besi hugeuka buluu au kijani. Yakikutana na asidi, kama ya ndimu, huwa mekundu. Hakuna sumu aliyoitia mtu."

"Basi tukamulie ndimu ndoo nzima, yaishe," akasema Gaudencia, sauti imeshuka.

"Hapana. Hatujui chokaa iliyomo ni kiasi gani. Imwagwe."

Saturnina akaanza kulia kimyakimya. Alikuwa jikoni tangu alfajiri. Nikashika upande mmoja wa ndoo, tukaimwaga mtaroni pamoja. Nilibakiza jagi moja kwa ajili ya darasa.

Kipindi kilichofuata nilifundisha nimekaa, sauti imenikauka. Watoto walijaribu siki, majivu, maji ya sabuni, magadi. Hakuna aliyepiga miayo isipokuwa mimi. Rosmery aliandika kila rangi kwa mwandiko wake mbaya, akanigombeza nilipotaka kufuta ubao kabla hajamaliza.

Nilipotoka saa nane, Gaudencia alikuwa akimkatia Saturnina kipande cha mkate. Hakuomba radhi. Saturnina naye hakushukuru. Alikula tu, macho yake barabarani.

Kesho yake alikuja na sufuria mpya. Nusu ya watoto walinunua. Waliobaki walingoja wiki nzima, wakichungulia rangi kwanza.