Namba ya Mwisho ya Bonge

Mlangoni kwake paliandikwa Mshauri Mwelekezi wa Afya, kwa herufi za rangi ya dhahabu. Wafanyakazi wake walimwita Kiyoyozi, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona akitoka jasho. Alitoka kwenye ubaridi wa nyumba akaingia kwenye ubaridi wa gari, akashuka kwenye ubaridi wa ofisi, na kama kulikuwa na ugonjwa duniani usiotibika kwa mkutano wenye chai, yeye alikuwa hajaambiwa. Aliwashauri wauguzi jinsi ya kusimama, wakunga jinsi ya kukaa, na wagonjwa jinsi ya kusubiri. Kusubiri kwenyewe hakukujua. Watu walisema hata tumboni mwa mama yake alitoka kabla ya siku zake.

Huko ndiko Mama Bonge alikokwenda kuomba kazi, na akaipata, ya majaribio. Usimcheke. Alikuwa amesoma masomo ya jioni, kwanza tumbo likigonga dawati, halafu mtoto akinyonya chini ya mtandio huku mwalimu akijifanya anatazama ubao. Alilitaka jina hilo, mshauri wa afya, kama mtu anavyotaka kiatu alichokiona kwenye dirisha la duka. Aliamini kwamba mshauri wa afya ni mtu anayekwenda pale walipo wagonjwa, akaangalia, akasikiliza, kisha akasema pafanywe nini ili watu wapone. Imani hiyo ilidumu mpaka siku ya kwanza, saa ya chai.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa na lake.

"Mshauri!" alisema, akimfunga Bonge nepi. "Wenzako wanakamua ng'ombe, wewe umesimama pembeni unasema kamua hivi, kamua vile. Mwanangu, na hiyo nayo ni kazi?"

"Ni kazi, mama. Ya kusomea."

"Na mshahara wake ni wa kusomea, au wa kula?"

"Wa kula, nikithibitishwa."

"Haya. Tutathibitika sote."

Bonge mwenyewe, aliyempa mama yake jina, alikuwa mtoto wa mashavu. Mikono yake ilikuwa na mikunjo kana kwamba mtu amemfunga uzi kwenye viwiko, na alimchekea kila aliyemtazama, hata mwenye nyumba.

Muda wa majaribio ulipokaribia kwisha, Kiyoyozi alimwita Mama Bonge ofisini.

"Umewahi kusikia habari za mteja wa siri?"

"Kidogo, bosi."

"Tunampeleka mtu zahanati akijifanya mgonjwa. Wao hawamjui. Anaona wanavyompokea, wanavyomjibu, wanavyomchelewesha. Kisha anatuletea habari. Huo ndio mtihani wako. Ukifaulu, natia saini, unakuwa wetu."

Mama Bonge alisogeza kiti mbele. "Nijifanye naumwa nini?"

"Si wewe." Kiyoyozi alitabasamu. "Wewe una mtoto. Mtoto hashukiwi na mtu. Mtoto ni kifaa kizuri sana."

"Bonge haumwi, bosi. Huyo kazi yake ni kucheka."

"Asubuhi usimnyonyeshe. Atalia." Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mpika chai apunguze sukari. "Sema alikuwa na homa, akashtuka, akakakamaa. Degedege. Watu huamka wakisikia degedege. Tena uchelewe, nataka kuona wanavyomtendea aliyechelewa. Ukishapewa namba, usimpe mtu. Usijitambulishe. Ukivunja sharti, jaribio limekufa, na kazi yako nayo."

Mama Bonge alipaswa kukataa palepale. Lakini ukilala na kiatu kichwani kwa muda mrefu, huulizi tena kama kinabana. Alisema, "Sawa, bosi."

Siku ilipofika, alipokaribia zahanati alijibanza nyuma ya ukuta, akakaa juu ya tofali, akamnyonyesha Bonge mpaka akacheua. Kama ni kushindwa mtihani, alianza kushindwa hapo.

Zahanati ilikuwa nyumba ndefu nyeupe. Ukutani, usawa wa mabega, ulipita mstari wa kahawia uliochorwa na migongo ya watu waliosubiri. Mabenchi yalikuwa yameliwa na makalio mpaka yakang'aa. Getini alikaa mlinzi mwenye kikapu cha vibao vilivyoandikwa namba.

"Mama, una nyota wewe," alisema. "Hiki ndicho cha mwisho. Leo daktari ni mmoja."

Sista, ndivyo kila mtu alivyomwita muuguzi mkuu wa pale, alimpokea Bonge na kumtundika kwenye mizani. Mizani iliruka, Sista akaruka nayo.

"Ana nini huyu?"

"Homa, Sista. Usiku alishtuka, akakakamaa."

Bonge alishika saa iliyoning'inia kifuani pa Sista, akaivuta, akacheka mpaka ute ukamdondoka.

"Homa yenye shibe hii!" alisema Sista. Akamgusa paji la uso, shingo, nyayo. Hakucheka tena. "Lakini degedege si mchezo, mama. Linaondoka, linarudi. Hebu kaa hapa mlangoni, nisimpoteze machoni. Akibadilika, usiogope mtu, nipigie kelele."

Mama Bonge alikaa. Alitakiwa aangalie kama wauguzi wana kauli mbaya, na hakuwa ameisikia hata moja. Alijisikia kama mtu aliyeingia msibani kula.

Haukupita muda, getini akafika mwanamke anayetembea kwa haraka ya mtu ambaye angekimbia kama asingekuwa amebeba kitu. Mtoto alikuwa begani, kichwa kimelala, na kila alipovuta pumzi mbavu zilionekana kuingia ndani.

"Namba zimekwisha," mlinzi alisema. "Rudi kesho mapema."

"Kaka, mtazame."

"Namtazama, dada. Mimi si daktari. Mimi nina vibao, na vibao vimekwisha. Nikikuingiza wewe, hawa wote watanila nyama."

Kando ya barabara, ng'ambo, gari la Kiyoyozi lilikuwa limeegeshwa, vioo juu, linanguruma kama paka aliyeshiba. Mama Bonge alilitazama. Alitazama kibao mkononi mwake. Aliwaza saini, aliwaza jina mlangoni, aliwaza mama mkwe na neno lake, tutathibitika sote. Kisha mtoto yule akavuta pumzi nyingine, na mawazo yote hayo yakawa kama makombo ya mkate juu ya meza.

Alisimama akaenda getini. "Dada, chukua."

"Na wako je?"

"Wangu atangoja. Ingia, ita Sista kwa sauti!"

Mwanamke aliingia, akaita. Sista alitoka chumbani, akamtazama mtoto mara moja, akamnyakua na kupotea naye ndani. Mlango ukafungwa kwa kisigino.

"Sasa wewe huna namba," mlinzi alimwambia Mama Bonge, kwa upole wa mtu asiye na la kufanya. "Benchi ni la wenye namba."

Akatoka. Kioo cha gari kilishuka upana wa kidole, ubaridi ukatokeza na sauti ndani yake.

"Mbona umetoka? Hawajamwona mtoto?"

"Nimempa mtu namba, bosi. Mtoto wake anaumwa."

"Na wako?"

"Wangu haumwi. Si wewe uliyenituma?"

Mama Bonge alingoja afokewe. Kiyoyozi hakufoka. Alitafakari, akaanza kutabasamu, kioo kikashuka kabisa.

"Kwa hiyo mteja ameondoka bila huduma. Vizuri sana! Hilo ni zuri kuliko nilivyotarajia."

"Lakini nimeondoka mwenyewe. Nime—"

"Tunahesabu walioondoka, mama. Sababu haina pa kukaa kwenye jedwali. Kesho njoo hotelini, uvae vizuri. Umefaulu."

Jioni mama mkwe alimwona akikoroga uji wa Bonge bila kuutazama.

"Vipi huko?"

"Nimefaulu, mama."

"Umefaulu nini?"

"Sijui."

"Mtu akifaulu hujua, mwanangu," alisema bibi, akachukua mwiko.

Kesho yake ukumbi wa hoteli ulikuwa baridi kama chumba cha kuhifadhia samaki. Mbele walikaa wakubwa wa afya wa mji, kila mmoja na chupa yake ya maji aliyoogopa kuifungua. Nyuma walikaa wauguzi wa zahanati, wakiwa na sare zao, wamekumbatia mikono kwa baridi. Walikuwa wameitwa kushauriwa.

Kiyoyozi aliwasha mashine, ukutani ikatokea picha ya mama wa kuchorwa, amebeba mtoto wa kuchorwa, chozi la kuchorwa likimtoka.

"Mteja wetu," alisema kwa huzuni iliyofanyiwa mazoezi, "alifika na mtoto mwenye degedege. Aliondoka bila kuhudumiwa. Namba, waheshimiwa, hazikutosha. Ushauri wetu ni kwamba muuguzi mkuu apumzishwe, na sisi tupewe kazi ya kuwafundisha waliobaki."

Minong'ono ikapita nyuma. Sista alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa ndani na mtoto anayekosa pumzi. Nilipotoka, yule mama hayupo. Baada ya kazi nilizunguka mitaa ile yote naulizia mtoto mnene mwenye homa. Nilibisha hodi kwa watu nisiowajua. Mpaka sasa ninaposema nanyi hapa sijui kama mtoto yule yu hai."

Kiyoyozi alitikisa kichwa polepole. "Huo, waheshimiwa, ndio uzembe ninaousema."

Mama Bonge alikuwa amekaa kwenye kona, karibu na meza ya vitafunio. Kando ya mkono wa Kiyoyozi aliiona barua yake ya kuthibitishwa, kalamu juu yake. Alitazama kalamu, akamtazama Sista. Miguu yake ilisimama kabla yeye hajaamua.

"Yu hai, Sista."

Vichwa viligeuka.

"Yuko nyumbani kwa bibi yake, anakula uji. Hakuwa anaumwa. Ni mwanangu, na mimi ndiye mteja wa siri. Tulitumwa kwenda kudanganya. Namba ya mwisho tuliichukua sisi tusioumwa, sasa tunasimama hapa kusema namba hazikutosha. Tumekula chakula cha mgonjwa, halafu tunamgombeza mpishi kwa nini chungu ni kitupu!"

"Kaa chini, mama," alisema Kiyoyozi, bado anatabasamu. "Waheshimiwa, mtaniwia radhi. Wanaonyonyesha huchoka haraka."

Kule nyuma muuguzi mmoja alisonya, msonyo mrefu uliotoka moyoni. Ukafuata mwingine, na mwingine, ukumbi mzima ukawa kama sufuria la mafuta lililoangukiwa na maji.

Mkubwa mmoja alikohoa. "Bwana mshauri, mlimpeleka mtoto mzima kwenye foleni ya wagonjwa?"

"Ni njia inayokubalika, mheshimiwa."

"Inakubalika na nani?" aliuliza Sista.

Wakubwa waliinamiana, wakanong'onezana, kisha wakaamua kwamba Sista abaki kazini kwanza, na kwamba jambo lile lichunguzwe kwa kina. Na kwa kuwa uchunguzi unahitaji utaalamu, atafutwe mshauri mwelekezi. Kiyoyozi aliinua mkono palepale, akasema ofisi yake ina uzoefu.

Mtu wa namna hiyo humwezi. Ukimtupa kwenye shimo, atakuandikia ushauri wa kulichimba vizuri zaidi.

Wakati wa kutoka alipita karibu na Mama Bonge. Barua aliikunja mara mbili na kuitia mfukoni. "Ungefika mbali," alisema.

"Mbali na nani, bosi?" aliuliza Mama Bonge, lakini yeye alishaelekea kwenye gari.

Nje ya hoteli, Sista alikuwa amesimama juani akipasha mikono moto. Mama Bonge alimsogelea kichwa chini.

"Nisamehe, dada."

"Usinisogezee maombi ya msamaha upesi upesi kama sahani ya biskuti," alisema Sista. "Umenikesheza. Nimemwona mtoto wako amekufa kwa namna zote ninazozijua, na nazijua nyingi."

"Najua."

"Hujui." Sista aligeuza mikono upande wa pili, juani. "Yule uliyempa namba amelazwa. Anapumua. Hilo ni lako, lichukue. Hili jingine bado nalishikilia."

Mama Bonge alijifuta macho kwa mtandio. "Mimi nilitaka kweli kuwa mshauri wa afya. Bado nataka."

Sista alimtazama kuanzia viatu vya kuazima mpaka kichwani, akabetua mdomo.

"Basi njoo uone kwanza hicho unachotaka kukishauria. Mlango wa mbele, asubuhi, pamoja na watu. Kazi sina. Benchi ninalo."

Nyumbani mama mkwe alimpokea na Bonge kiunoni.

"Nimefukuzwa, mama."

Bibi alimchungulia usoni kama anayetazama chungu kama kimeiva. "Ndiyo maana. Jana ulikuwa na uso wa mtu aliyemeza kijiko. Kaa ule."

Asubuhi iliyofuata Mama Bonge aliwahi. Mlinzi alimwona kwa mbali, akakikumbatia kikapu chake kwa mikono miwili.

"Wewe tena! Na leo anaumwa nini?"

"Haumwi kitu. Ana chanjo yake iliyopita siku. Nilikuwa nashughulika na afya za watu."

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Wa chanjo hawachukui namba, mama. Wanakaa benchi la kule mwisho. Ni refu hilo, utangoja."

"Nimekuja kungoja," alisema Mama Bonge.

Akaenda kule mwisho, wanawake wakasogeleana kumpa nafasi. Akakaa, akaegemeza mgongo kwenye ule mstari wa kahawia, na jirani yake hakungoja kuulizwa, akaanza kumweleza yaliyomleta.