Niacheni na Simba Wangu

Habari kwamba Firdausi ni Simba iliingia Kasulu kwa ujumbe wa sauti. Ulitoka Tanga, ukapitia Kibondo, na ulipofika kwenye simu ya mama Shadia, mama yake Firdausi, ulikuwa umeshasikilizwa na nusu ya ukoo wa wakwe. Sauti ilikuwa ya mzee mmoja mjuzi wa falaki, mjomba wa Bi Siti, na Bi Siti ndiye mama wa Nurudini, kijana aliyekuwa amemposa Firdausi.

"Binti nyota yake Simba," alisema mzee, taratibu, kama mtu anayesoma bei. "Simba ni moto. Kijana wetu nyota yake Samaki, naye ni maji. Moto huu umeyazidi maji haya. Mwanamke atamkalia mumewe, na nyumba itakuwa na sauti moja, nayo si ya mume." Halafu akakohoa na kuwatakia wote mchana mwema.

Mzee huyo hakuwahi kukanyaga Kasulu. Hakujua kwamba Firdausi ana duka la spea za pikipiki karibu na stendi, na kwamba vijana wa bodaboda wanaomtoa jasho kila abiria wakifika kwenye kaunta yake hunong'ona. Hakujua hata sura yake. Alichokuwa nacho ni majina mawili tu, la binti na la mama yake, kwa sababu hesabu yenyewe ndivyo ilivyo: kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, unajumlisha majina, unatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka isitoke tena, na kinachobaki ndiyo nyota. Wapo wanaoitumia kuchagua siku ya kusafiri. Bi Siti aliitumia kumpima mkwe, kwa kuwa yeye mwenyewe alipimwa hivyo alipokuwa mwari.

Na nisiwafiche, kwa upande wa tabia mzee hakukosea sana. Nurudini alikutana na Firdausi siku alipokuja kununua mnyororo wa pikipiki. Aliomba ule wa bei rahisi. Firdausi hakuuinua hata kuuonyesha.

"Huo utakukatikia njiani Makere," alimwambia, "na Makere huna ndugu. Chukua huu."

Akachukua huo. Wiki iliyofuata alirudi, na pikipiki yake haikuwa na tatizo lolote. Kuanzia hapo Firdausi akawa anaamua na Nurudini anafurahi. Kijana alimpigia simu kutoka Kibondo, kwenye duka la vitambaa la nyumbani kwao, kumuuliza avae shati gani harusini kwa fulani. Lakini Firdausi alipougua malaria mpaka akashindwa kusimama, ni Nurudini huyo huyo aliyekuja kukaa dukani kwake, hajui plagi wala bushi, akiuliza kila bei kwa simu kwa upole, na jioni akimletea uji ambao ameupika mwenyewe. Firdausi alimpenda kwa hilo, akampenda kweli kweli, na hakuona aibu kumwambia.

Kwa hiyo masharti ya Bi Siti yalipokuja, yalimchoma. Posa haitavunjwa, alisema Bi Siti, ila nyota ya binti lazima ishushwe. Kila Ijumaa mpaka siku ya ndoa atakunywa kombe, yaani dua iliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi. Duka la spea atalifunga ahamie Kibondo. Na mwaka wa kwanza, wakiulizwa jambo wote wawili, atangoja mume ajibu kwanza.

"Mimi nilikunywa nilipoolewa," Bi Siti alimwambia mama Shadia kwenye simu. "Nyota yangu Ng'e. Nilikunywa na sikufa."

Firdausi alimpigia Nurudini palepale, amesimama katikati ya duka, mkono mwingine umeshika kopo la grisi.

"Umesikia walichosema?"

"Nimesikia, mpenzi. Ni maji tu na zafarani. Kunywa yaishe."

"Na duka?"

"Mama alisema tutaliongelea baadaye."

"Nimekuuliza wewe."

"Firdausi, unajua mama alivyo."

Alikata simu. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomnyima usingizi. Alijiuliza kama mwanamume anayemkubalia yeye kila kitu anamkubalia kwa mapenzi, au anamkubalia kwa sababu humkubalia yeyote anayesema kwa sauti. Kama ni hilo la pili, basi hakuwa na mchumba. Alikuwa amekopeshwa tu mtoto wa Bi Siti.

Aliyeigundua kasoro alikuwa mama Shadia. Aliusikiliza ujumbe wa mzee tena akichambua maharage uani, na safari hii akalisikia jina lake. Walipeleka Tanga jina la Shadia. Mama mzazi wa Firdausi hakuwa Shadia. Alikuwa dada mkubwa wa Shadia, Niyubahwe wa Titye, aliyefariki Firdausi angali ananyonya. Shadia, aliyekuwa ameolewa Kasulu kwa marehemu Abdalah, akamchukua mtoto, akambeba mgongoni, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwita mama mdogo. Kwetu hayo hayatajwi. Mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na atakayekuuliza kama umemzaa anatafuta ugomvi. Mshenga alipouliza mama wa binti anaitwa nani, mtaa mzima ulimjibu Shadia, na hakuna aliyesema uongo.

Mama Shadia ni mtu mpole. Akigongwa na mlango anaweza kuuomba radhi. Alitaka amani, basi, na bila kumwambia Firdausi akampigia Bi Siti akampa jina la marehemu dada yake. Jibu la Tanga lilikuja kesho yake. Kwa jina la Niyubahwe, binti si Simba tena. Ni Mashuke, nyota ya udongo, mke mtiifu anayeinamisha kichwa, na udongo unapokea maji bila vita. Hakuna kombe. Kilichobaki ni kupanga siku.

Jumapili gari la kukodi, Noah, likasimama mbele ya nyumba ya mama Shadia. Alishuka Bi Siti na mtandio wake wa dhahabu, wakashuka mashangazi wawili, akashuka Nurudini akiwa amevaa shati ambalo hakumuuliza mtu. Mjomba Bazilio, kaka yao Shadia na Niyubahwe, alikuwa ametoka Titye tangu asubuhi na koti lake la kanisani. Firdausi aliambiwa tu kwamba wakwe wanakuja kupatana. Alipika wali na nyama, akaandaa mkekani, akawaamkia, na akala kwa adabu. Baada ya kula Bi Siti akamshika mkono.

"Mwanangu, tusamehe. Tulikupima kwa jina silo. Kumbe wewe mpole, Mashuke mtupu. Ule moto haukuwa wako."

Firdausi alimgeukia mama Shadia. Mama Shadia alikuwa anaangalia mkeka.

"Jina lipi lililokuwa silo?" aliuliza.

Wakamweleza. Bi Siti alieleza kwa furaha, mashangazi wakisaidia, wakirudia Mashuke, Mashuke, kama watu waliookota kitu walichokipoteza. Firdausi aliwasikiliza mpaka mwisho. Alijua kwamba akinyamaza sasa hivi ataolewa na Nurudini mwezi ujao, duka atalisuluhisha mbele ya safari, na kila kitu anachokitaka kipo mkekani hapo kinamngoja aseme ndiyo. Akamgeukia Bazilio.

"Mjomba, mama yangu alikuwa mpole?"

Bazilio akacheka kabla hajajizuia. "Niyubahwe? Ayii. Shemeji zake walitaka kumnyang'anya shamba la kahawa, akawapeleka baraza la kata, na siku ya kesi alitembea na mimba yako toka Titye, jembe begani. Mwenyekiti alimwambia aliweke chini. Akasema ataliweka kwenye shamba lake. Shamba akalipata. Wanaume wa Titye walikuwa wakimwona njiani, wanashukia bondeni."

"Na huyu mama yangu aliyenilea?"

"Shadia? Shadia hata kuku anamfukuza kwa kumbembeleza."

"Basi nisikilizeni," alisema Firdausi. Aliutoa mkono wake mkononi mwa Bi Siti, bila kuuvuta. "Jina la mwanamke mkali kuliko wote Titye limenifanya mtiifu. Jina la mama huyu, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, limenifanya Simba. Sibishani na mzee wa Tanga, elimu yake siijui. Ninachojua ni kwamba siolewi kwa unyenyekevu ambao sina. Nikiingia nyumbani kwenu kama Mashuke, siku ya kwanza nitakayofungua mdomo mtasema nimewadanganya. Mimi ndiye yule mliyemwogopa juzi. Niacheni na Simba wangu."

"Firdausi, mwanangu," mama Shadia alinong'ona, machozi yakimlenga. "Si yamekwisha?"

"Hayajaisha, mama. Yamefunikwa tu. Na mimi ni binti Shadia, na hilo usilitoe tena kwa mtu bila kuniuliza."

Bi Siti alikuwa amevimba shingo. "Mimi sijapata kuona mwari anayekataa heri. Nurudini hawezi kukaa na mwanamke wa namna hii. Nurudini ni mtu wa utulivu. Nurudini anataka—"

"Bi Siti," alisema Firdausi, "lile kombe ulilokunywa ulipoolewa, kwako lilifanya kazi?"

Shangazi mmoja akakohoa kwenye khanga yake. Mwingine alijikuna mguu usiowasha.

"Sikuulizi kwa dharau, mama. Umeendesha duka na nyumba na watoto, na mimi nakuheshimu kwa hayo. Ila tangu mmefika hapa Nurudini hajasema neno, na wewe umeshamsemea mara tatu. Kama hofu ni kwamba atapata mtu wa kumkalia, yupo tayari, na hajatoka kwangu."

Bi Siti aliinuka, akajifunga mtandio upya. Alikuwa ameumia, na Firdausi aliliona hilo na halikumfurahisha, lakini hakulirudisha neno lake. Mashangazi nao wakainuka.

"Nurudini," alisema Bi Siti. "Inuka twende."

Nurudini hakuinuka mara moja. Alimtazama Firdausi. Alimtazama kama siku ile ya mnyororo, akingoja aambiwe achukue upi. Na Firdausi alijua, kama anavyolijua duka lake, kwamba neno moja lingetosha. Angesema kaa, angekaa. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi. Alilitaka kulisema kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, na alilimeza, kwa sababu kijana akikaa kwa amri yake atakuwa amehamishwa tu kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Usinitazame mimi," alisema. "Hili silijui."

Nje dereva wa Noah aliwasha gari. Nurudini aliteremsha macho, akakitazama kiganja chake, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, mimi napenda kuongozwa. Watu wananicheka Kibondo, na wewe unaona haya, ndiyo maana ukatafuta nyota. Sina haya nalo tena. Sitaki kusema kwanza, sitaki kuwa na sauti kubwa, na huyu nampenda hivyo alivyo, hata kama ni moto. Juzi nilimwambia anywe kombe, nikakosea. Lakini wa kuniongoza nitamchagua mwenyewe."

"Nimesema inuka twende."

"Tangulieni, mama. Nitakuja na basi la kesho, nikuamkie, tuzungumze."

Akainuka kweli, Bi Siti akashusha pumzi, lakini Nurudini hakwenda mlangoni. Alipiga magoti pembeni ya mkeka akaanza kukusanya vyombo, sahani za wali, mabakuli ya mchuzi, mkwe mtarajiwa ukweni kwake, mbele ya mama yake na mashangazi zake. Mama Shadia alishtuka akataka kumzuia, na Bazilio akamrudisha chini kwa mkono. Bi Siti alisimama mlangoni akatazama mpaka akachoka kutazama, kisha akatoka. Noah ikaondoka.

Nurudini alikuwa amerundika vyombo vyote kwenye beseni, havina mpangilio, na alikuwa anajaribu kulibeba lote kwa pamoja. Firdausi alijifuta uso kwa khanga, maana alikuwa analia na hakutaka kuficha.

"Anza na glasi," alimwambia.

Akaanza na glasi.