Mita ya Mama Mkwe

Pale ofisini walimwita Bwana Tusubiri, na jina lilimkaa. Kampuni ilikuwa ikitengeneza mita za umeme tangu enzi za baba zao, na yeye, mkuu wa kitengo cha ubunifu, alikuwa hajabuni hata kengele ya mlango. Ukimpelekea wazo alilisoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema tusubiri. Mpanda ngazi hushuka, basi yeye hakupanda.

Akaja mkurugenzi mpya, mikono ya shati kaikunja, akaamuru milango ya ofisi zote ing'olewe ili mawazo yapite. Wakapita mbu. Kisha akatangaza: mwisho wa mwezi kila mkuu wa kitengo atasimama ukumbini aeleze jambo alilojaribu likamshinda.

"Asiyeshindwa hajajaribu," alisema. "Na asiyejaribu atupishe kiti."

Lo! Jasho likamtoka Bwana Tusubiri. Wenzake walikuwa na makosa ya kujivunia, yeye hana hata moja, na kiti kile ndicho kilichomlisha na kumpa heshima mtaani.

Ndipo akaikumbuka mita inayosema. Mhandisi mmoja, dada mwenye subira, alikuwa amemsumbua nayo miaka: mita inayotamka kwa sauti umeme uliobaki. Upuuzi mtupu, kwa hiyo ndiyo dawa yenyewe. Na ili ishindwe barabara, akaipeleka ikafungwe kwa mama mkwe wake, mwanamke aliyewahi kurudisha friji dukani eti inanguruma.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea mita mpya."

"Marahaba. Wewe? Umeleta kitu?"

Akangoja simu ya matusi. Kimya. Akaenda mwenyewe, akamkuta kaketi na majirani mbele ya mita, wanaisikiliza. Kumbe macho yake yalikuwa hayasomi tena tarakimu, na hakuwa amemwambia mtu.

"Mwanangu," alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo tangu harusi, "nilidhani binti yangu kaolewa na gogo. Kumbe uliniona."

Bwana Tusubiri alifurahi kweli. Halafu akakumbuka: mita imefaulu, kiti kimekwenda!

Siku ya mkutano wateja nao walialikwa, na mama mkwe akaketi safu ya mbele, kapendeza. Mkuu wa maabara alikiri kuiunguza maabara yenyewe, akapigiwa makofi mpaka akalia. Zamu ikafika.

"Na wewe, mzee wangu, umeshindwa nini?" mkurugenzi akauliza.

Alimtazama mama mkwe, akaangalia chini.

"Nimeshindwa kushindwa," akasema. "Mita ile niliipeleka kwa mama mkwe makusudi, nikijua ataitupa nje, nipate la kukiri leo. Mama kaipenda."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkurugenzi akamkumbatia: hilo ndilo kosa la mwaka, na kiti ni chako, mzee!

Aliposhuka jukwaani, mama mkwe alikuwa keshasimama, mkoba kwapani.

"Hongera, baba. Kiti umekipata."

"Mama, mimi..."

"Mita nabaki nayo. Yenyewe haijanidanganya."

Akaondoka akipapasa migongo ya viti, mpaka yule mhandisi akakimbia kumshika mkono. Bwana Tusubiri alitaka kuwafuata, ila alikuwa anaitwa kwenye picha, naye akaenda kwenye picha.