Finjani ya Sheikh Raad

Mkwe wangu Raad alikuwa fundi rangi mpaka Wamarekani walipoingia Baghdad. Mwaka uliofuata alikuwa mkandarasi, na haukupita muda akawa sheikh. Usheikh wenyewe aliununua dukani: joho la pambo la dhahabu, kilemba na kamba yake nyeusi, na madele ya shaba ya kupikia kahawa. Kila alasiri alikaa sebuleni na wageni wake, akitoa hukumu kwa sauti nene ambayo binti yangu Hanaa anasema hakuolewa nayo.

Nilimwacha ajifurahishe. Kilichonikera mimi ni shule.

Wakubwa wa Kimarekani walitenga fedha za kukarabati shule ya wasichana ya mtaa wetu. Kazi ikapewa kampuni ya kwao, nayo ikaiuzia nyingine, na hiyo nyingine ikaiuzia ya tatu, kila moja ikimega chake, mpaka inamfikia Raad imebaki rangi tu. Akapaka. Nisimnyime haki yake, alipaka vizuri, rangi ya waridi mpaka vyooni. Bomba la maji hakuligusa. Afisa mmoja wa jeshi akaja na bunduki kushoto na kulia, akakata utepe, akapigwa picha, akaondoka kabla chai haijachemka.

Vyoo havina maji, basi wasichana waliobanwa wakawa wanakimbilia makwao, kuvuka ile barabara wanayopita wanajeshi. Siku moja bomu likalipuka pale na risasi zikamiminwa ovyo. Mjukuu wangu Rusul alirudi na kiatu kimoja. Raad akatoa hukumu: mtoto asiende shule tena.

Niliumia, nasema kweli. Mimi mwenyewe nilitolewa shule nikiwa na umri wake, na Rusul ndiye anayenisomea gazeti.

"Si uchimbe, upitishe bomba?" nikamwambia Raad, baba yake.

"Mama, ukichimba kando ya barabara ile wanadhani unatega bomu. Wanakupiga risasi kwanza, habari yako wanaiuliza baadaye."

"Na fedha za shule?"

"Fedha gani, mama? Zimenifikia zimeshachoka."

Alasiri ile nikajitanda abaya yangu, nikaingia sebuleni katikati ya wanaume. Raad akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, maana angefanyaje? Nikaiweka finjani chini mbele yangu, sikuigusa.

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mgeni asiyekunywa ana haja, na mwenye nyumba asiyeitimiza hana uso wa kutokea tena mbele za watu. Sheikh mzoefu angeuliza kwanza haja yenyewe ni ipi. Wangu alikuwa bado mpya.

"Kunywa, mama," alisema kwa sauti ile nene, wageni wakimtazama. "Haja yako imekubaliwa, hata kama ni macho yangu."

"Macho yako baki nayo. Nataka maji vyooni, na Rusul arudi darasani. Na kahawa nitakunywa itakayopikwa kwa maji ya bomba hilo."

Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa. "Umepatikana, sheikh!"

Vibarua wote walikataa kwenda. Asubuhi Sheikh Raad akashika sululu mwenyewe, joho kalivua, shuka jeupe kalifunga kwenye mti kama bendera ya amani. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Kisha magari ya deraya yakatokea, mtutu mmoja ukageuka taratibu mpaka ukamwelekea, na kicheko kikanikauka. Sikumwona sheikh wala mkandarasi. Nilimwona baba yake Rusul ameinua mikono, jasho linamtiririka, na mimi ndiye niliyempeleka pale. Nikachukua kiti changu cha plastiki, nikaenda kukaa ukingoni mwa mtaro, kati yake na bunduki.

"Mama, ondoka! Watakuua!"

"Chimba wewe. Unanicheleweshea kahawa."

Askari mmoja, kijana aliyebabuliwa na jua, akapiga kelele kwa lugha yake. Nikampungia mkono kama jirani. Akatutazama, akaitazama sululu, akanitazama mimi tena. Wakapita. Sikunyanyuka kwenye kiti kile mpaka adhuhuri, nikasingizia baridi yabisi.

Maji yalitoka na rangi ya kutu, lakini yalitoka. Kabla udongo wa mtaro haujakauka, ile kampuni ya kwanza ikaja kusimika bango kubwa lenye jina lake. Rusul, akitoka darasani, ndiye aliyenisomea.

Alasiri Raad akanipikia kahawa kwa maji yale, mbele ya wageni wale wale. Ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe, lakini niliinywa mpaka tone la mwisho. Kwetu mtu akitosheka huitikisa finjani. Mimi nilimnyooshea hivyo hivyo, bila kuitikisa.

Sauti nene ikampotea. "Mama, kuna nini tena?"

"Maji yapo, mwanangu, Mungu akubariki. Sasa vyoo havina milango."

Akawatazama wageni, akanitazama mimi, akaanza kuvua joho.