Mboji ya Kwenye Koleo

Koleo lile Attracta Heneghan aliletewa na binti wa jirani mmoja, siku tatu baada ya binti huyo kumzika babake. Mzee alikuwa ameungama akikata roho: koleo hili ndilo lililomfukia Colman kinamasini. Kinamasi kipi, pumzi haikumruhusu kutaja.

Colman alikuwa mwanawe Attracta. Miaka thelathini na tisa hajulikani alipo, na mama mwenyewe sasa ana themanini na moja, mapafu yamechoka.

"Kila mmea una nta yake kwenye majani," mkemia Dympna alimweleza maabarani. "Mmea ukioza, nta inabaki kwenye mboji. Nikiipima ile iliyoganda kwenye koleo, nitajua ni kinamasi gani."

Lakini kipimo cha kwanza kilimrudisha Dympna amenywea.

"Mama, hili koleo uliliwashia mshumaa?"

"Kila siku. Nimeliweka kando ya picha yake."

"Nta ya mshumaa imedondokea mboji. Imefunika kila kitu."

Attracta alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo nimempoteza mimi, kwa mkono wangu?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi basi, binti yangu? Niambie wewe!"

 Dympna akaling'oa koleo mpini, akachokoa ndani ya tundu la chuma kwa sindano. Ikatoka mboji kidogo, haijai hata kijiko cha chai.

"Hii haikuguswa na mshumaa. Ila inatosha mara moja tu. Ikiharibika, ndiyo basi."

Attracta alikaa koridoni siku nzima na koti lake, akakataa chai, akakataa kupelekwa nyumbani. Alasiri Dympna alitoka na karatasi mkononi.

"Nta ya misonobari, Mama. Nyingi."

Kati ya vinamasi vitatu vya eneo lile, kimoja tu ndicho kilichowahi kupakana na misonobari: Gortnaleck.

Polisi na wachimbaji walichimba huko siku tano, wakaambulia patupu. Polisi wakaanza kunong'onezana kuhusu kufunga kazi. Attracta akawaambia wakiondoka watamwacha pale pale kwenye kiti, na mvua imnyeshee.

Siku ya sita mchimbaji mmoja aliinua mkono. Dympna akashuka shimoni, akakaa huko kitambo, akapanda taratibu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Amelalaje?"

"Kifudifudi."

"Basi mgeuzeni," Attracta alisema. "Mgeuzeni, jamani. Hivyo hapati usingizi."