Ukuta wa Nyuma Alioujenga Shangazi

Msinisimulie vita vya ngome ile kama mlivyovisoma shuleni. Mimi nilikuwepo, matope hadi magotini. Mnasema ngome iliangushwa na mashujaa wenye mikuki. Sawa, walikuwepo. Walikwenda mara mbili wakarudi nusu, maana mzinga wa ngome haumjui shujaa wala mwoga. Aliyeiangusha ni shangazi yangu, mchoma matofali, na hakushika hata kisu.

Wageni walipotupora mashamba ya bondeni, walitaka ngome ya kuyalinda yasirudi kwetu. Wakamlazimisha shangazi awachomee matofali na kuijenga, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kazi ya tanuri. Tanuri linataka siku kumi na mbili za moto. Kapteni wao akampa tano. Shangazi akamwambia, "Bwana, haraka haraka haina baraka," akachapwa viboko vitatu kwa methali ile. Basi akachoma siku tano, akapata alichopata: matofali ya karibu na moto yaliiva, ya pembeni yakawa mekundu kwa nje na udongo mtupu kwa ndani.

Sasa kwenye ukoo wetu tulifundishwa kazi hivi: tofali bichi halichanganywi na lililoiva. Shangazi aligonga kila moja kwa kifundo cha kidole. Lililoiva hulia kama kengele, bichi husema puu. Mazuri yakaenda mbele na kando. Mabichi yote akayapanga ukuta wa nyuma, upande wa kilima, akayafunika kwa lipu ya chokaa. Hakuwa na hila yoyote, msimpambe. Aliona aibu tu, na aibu watu huiweka nyuma ya nyumba.

Mwaka wa tatu wakamkamata mwanawe wa pekee, binamu yangu, kwa kung'oa vigingi vya mipaka. Wakamfungia chumba cha nyuma, anyongwe Ijumaa. Vijana wetu wakaishambulia ngome Jumanne, wakaishambulia tena Jumatano. Alhamisi asubuhi tulikuwa nyuma ya kilima na majeruhi wetu. Shangazi akasimama mbele ya wanaume wote.

"Ukuta wa nyuma ni mbovu," akasema. "Niliujenga mimi. Lipu huzuia mvua tu; ukilowa chini, hausimami."

Kiongozi wa vita akamkazia macho. "Miaka mitatu unajua?"

"Miaka mitatu naona haya."

Mmoja akacheka kwa uchungu. "Kwa hiyo mama, tukaipige ngome kwa ndoo?"

"Kwa mfereji, wewe mwenye akili nyingi."

Mfereji wa babu zetu ulipita juu ya kilima, mahali ambapo risasi hazifiki, ukipeleka maji kwenye mashamba ambayo sasa tuliambiwa si yetu. Kuubomoa ukingo wake ilikuwa kazi ya majembe tu.

Nikamvuta shangazi pembeni. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli. "Chumba cha mwanao kimeegemea ukuta huohuo. Utamwangukia."

"Najua kilipo."

"Na bado?"

"Kesho wanamnyonga, mwanangu. Chini ya ukuta anaweza kupona. Kwenye kamba haponi mtu."

Jembe la kwanza akapiga yeye. Tukafuata watu kama mia mbili, wake kwa waume, hata majeruhi waliofungwa vitambaa vichwani. Maji yakateremka. Askari juu ya ngome wakatucheka. Mmoja akavua kofia akajifanya ananawa uso. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yamejaa chini ya ukuta, na lipu ikaanza kubanduka vipande vipande.

Kisha ukuta ukakaa. Sina neno jingine. Haukulipuka, haukupasuka, ulikaa chini taratibu kama mzee aliyechoka, wote kwa mara moja, na ngome iliyokuwa imetumeza miaka mitatu ikabaki wazi kama kabati. Waliokuwa wakiupiga mzinga walisimama wakatazama, na sisi vilevile. Ndipo askari wakakimbilia lango la mbele kutoroka, na vijana wetu wakaingia.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, nikafukua kwa kucha. Nikapata mguu. Nikapata boriti ya mlango, na chini yake mkono, na mkono ule ukanishika kidole.

Nikawaachia wenzangu wamtoe, nikapanda kilima mbio. Shangazi alikuwa amekaa ndani ya mfereji, maji kiunoni, amefumba macho.

"Anapumua," nikamwambia.

Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Akajaribu tena. Mwanamke aliyeangusha ngome alishindwa kunyanyuka. Nikamgeuzia mgongo, nikambeba kama mtoto hadi chini, na njia nzima aliniuliza swali moja tu, sikioni, "Umemsikia kwa masikio yako mwenyewe?"